Kufanana Si Kuiba

Katika kazi za mikono hapana shutuma iliyo rahisi kutamkwa, wala iliyo nzito kubebwa, kama neno hili: "Umeiga." Mwenye kulitamka hahitaji ushahidi mwingi, hutazama vitu viwili vyenye sura moja, akahukumu. Mwenye kushutumiwa huachiwa kazi ya kueleza mambo ambayo aghalabu hapana anayetaka kuyasikiliza. Insha hii yakusudia kuipinga shutuma hiyo mahali inapotumiwa ovyo, na kuitetea mahali inapostahili. Watu wengi wamezichanganya sehemu hizi mbili, na kwa kuchanganya huko mafundi wema huumizwa na wabaya huponea.

Mfano nitautoa katika kazi moja ndogo ya zama hizi, yaani uundaji wa moduli za dijitali za sintesaiza. Huenda msomaji hajakiona chombo hiki. Basi na tukieleze kwanza, maana haifai kuhukumu kisichojulikana.

Sintesaiza ni chombo cha muziki kitoacho sauti kwa umeme. Ziko sintesaiza ambazo haziuzwi zikiwa nzima, bali kwa vipande, na kila kipande huitwa moduli. Moduli moja huzaa wimbi la sauti. Ya pili hulichuja. Ya tatu huamua ukubwa wake. Ya nne huhesabu mapigo. Mpigaji huzipanga katika sanduku lake, kisha huziunganisha kwa nyaya fupi kama apendavyo. Amri hupita katika nyaya hizo kwa njia ya volti: katika kipimo kilichoenea, volti ikipanda kwa 1, sauti hupanda kwa oktavu 1. Zamani kazi hii yote ilifanywa na saketi za umeme peke yake. Siku hizi moduli nyingi zina kompyuta ndogo ndani yake, chipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na sauti hutengenezwa na programu iliyoandikwa humo. Hizi ndizo moduli za dijitali.

Vipande vya mafundi mbalimbali hukubaliana kwa sababu ya vipimo vya pamoja. Katikati ya miaka ya 1990 Dieter Doepfer wa Ujerumani alitoa mfumo wake uitwao A-100. Bamba la kila moduli lilikuwa na urefu wa milimita 128.5, upana ulihesabiwa kwa hatua za milimita 5.08; umeme ulikuwa volti 12 chanya na volti 12 hasi. Wengine wakavifuata vipimo hivyo, na utaratibu huo ukaitwa Eurorack. Leo waundaji wake ni mamia. Wengi wao ni karakana za watu wachache sana, na nyingine ni za mtu mmoja, ambaye ndiye mchoraji, mwandishi wa programu, mpakiaji wa masanduku na mjibu wa barua.

Sasa sikiliza kilio. Kila moduli mpya ya dijitali inapotokea, maneno huwa yale yale. Fundi ametoa moduli ya kukata sauti katika punje, huambiwa: "Tunayo tayari." Mwingine ametoa moduli ya kugawanya mapigo, huambiwa: "Hiyo ni ya jirani yako." Wenye kulia wana madai mawili. La kwanza, kwamba mwingiliano huu wa mafundi wadogo ni upotevu wa nguvu na fedha. La pili, kwamba ni wizi. Kwa hiyo wataka kila fundi apewe shamba lake, mpaka uwekwe, na mwenzake asiukanyage.

Dai la kwanza lakanushwa na historia ya chombo chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wawili wa Marekani, kila mmoja katika pwani yake, walishughulika na wazo moja pasipo kushauriana. Robert Moog alikuwa upande wa mashariki, katika jimbo la New York. Don Buchla alikuwa upande wa magharibi, katika California. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba sauti itawaliwe kwa volti, ili kipande kimoja cha chombo kiweze kukiamuru kingine. Moog alitokeza chombo chake cha kwanza mwaka 1964, baada ya kufanya kazi pamoja na mtunzi Herbert Deutsch, na vyombo vyake vikafuata kinanda chenye vibao vyeusi na vyeupe. Buchla aliunda chake kwa ajili ya watunzi wa San Francisco Tape Music Center. Yeye alikikataa kinanda hicho, akaweka mahali pake mabamba ya kuguswa kwa vidole. Mwaka 1967 Morton Subotnick alitoa santuri ya Silver Apples of the Moon kwa chombo cha Buchla. Mwaka 1968 Wendy Carlos akatoa Switched-On Bach kwa chombo cha Moog. Mwenye kuzisikiliza santuri hizo mbili atadhani zimetoka katika ulimwengu mbili, ilhali zimetoka katika wazo moja.

Lau angalikuwapo siku zile mgawa mashamba, angalimwambia Buchla: "Rudi nyumbani; kazi hii imekwisha kushikwa." Watunzi waliofuata wangalirithi njia moja ya kufikiri badala ya mbili. Basi upotevu uko wapi: katika watu wawili kufanya kazi moja, au katika kumzuia wa pili?

Dai la wizi lahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi. Na tutazame moduli za punje, kwa kuwa hizo hulaumiwa sana. Kazi yake ni kuipokea sauti, kuikata katika vipande vya muda mfupi mno, kisha kuvimwaga tena vikiwa vimepangwa upya. Mwaka 2014 karakana ya Mutable Instruments ya Paris, iliyoanzishwa na Émilie Gillet, ilitoa moduli ya namna hiyo iitwayo Clouds. Mwaka 2017 karakana ya Make Noise, iliyo katika mji wa Asheville, North Carolina, ilitoa Morphagene, iliyoundwa pamoja na Tom Erbe, mwalimu wa chuo kikuu na mwandishi wa programu za sauti. Je, wa pili alimwibia wa kwanza?

Hata kidogo. Wazo la punje si mali ya Paris wala ya Asheville. Mwanasayansi Dennis Gabor aliandika juu ya chembe za sauti mwaka 1947. Mtunzi Iannis Xenakis alilitia wazo hilo katika muziki mwishoni mwa miaka ya 1950, akitumia kanda zilizokatwa na kuunganishwa. Curtis Roads akalifanya kwa kompyuta katika miaka ya 1970. Wote waliokuja baadaye wamekaribishwa katika nyumba iliyojengwa na hao. Tena, moduli hizo mbili hazijibu swali moja. Clouds huishika sauti inayopita sasa hivi, kwa sekunde 1 hadi 8 kwa kadiri ya ubora uliochaguliwa, ikaitawanya papo hapo. Morphagene huishika sauti kama kanda ya zamani, kwa muda wa karibu dakika 3, ikamruhusu mpigaji kuikata mahali apendapo na kuparudia tena na tena. Ya kwanza huchota mtoni. Ya pili huchota mtungini. Anayesema kuteka maji ni kule kule tu, huyo hajapata kuona kiu ya namna mbili.

Washairi wetu walilijua jambo hili kabla ya umeme. Utenzi una vina vyake, na mizani 8 katika kila kipande, na kwa karne kadhaa kila mtunzi ameingia humo bila kuomba ruhusa. Hapana aliyeitwa mwizi kwa sababu ya mizani. Lakini ubeti wa mtu ukichukuliwa, ukasomwa barazani kwa jina la mwingine, hapo wasikilizaji hunyanyuka. Mizani ni ya wote. Ubeti una mwenyewe. Katika moduli za dijitali pia, kukata sauti katika punje ni mizani. Programu iliyoandikwa mstari kwa mstari, pamoja na mpango wa vitufe na matundu uliofikiriwa usiku na mchana, huo ni ubeti.

Iko vilevile sababu ya kiufundi inayozidisha kufanana, na wenye kulia hawaitaji. Mafundi hawa hununua chipu zinazofanana, tena mara nyingi za jamii moja. Mwaka 2020 karakana ya Electrosmith ya California ilitoa Daisy, kibao kidogo chenye kompyuta na milango ya sauti, ili mtu asiye na kiwanda aweze kuandika programu yake na kuifanya chombo. Pamoja nacho ilitoa maktaba ya programu za sauti zilizo tayari, na baadhi ya hizo zimetokana na kazi ya Gillet. Udongo ukiwa mmoja, vyungu hufanana rangi. Hapana mwenye akili amlaumuye mfinyanzi kwa rangi ya udongo; humtazama kwa umbo la chungu, na kama kinavuja au hakivuji.

Hata hivyo sikuja kuwatetea wote. Shutuma ina mahali pake, na mahali penyewe paonyeshwa vizuri na moduli za mapigo. Euclid, Mgiriki wa kale, alieleza njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, ambayo msomaji ameikuta katika somo la hesabu. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mwanachuoni wa kompyuta, alionyesha kwamba njia hiyo hiyo huweza kuyatandaza mapigo katika nafasi kwa usawa kadiri iwezekanavyo. Ukitaka mapigo 3 katika nafasi 8, hupata hatua za 3, 3 na 2. Ukitaka mapigo 7 katika nafasi 12, hupata mpangilio wa kengele ujulikanao sana Afrika Magharibi. Tangu hapo moduli zenye hesabu hiyo zimekuwa nyingi, kama vile Euclidean Circles ya vpme wa Ujerumani na Pamela's NEW Workout ya ALM wa Uingereza, na watu hugombania nani alimwiga nani.

Ugomvi huu ni wa ajabu. Wagombanao wamesimama juu ya kaburi la mwenye mali. Kengele ile ilipigwa na watu waliohesabu kwa sikio na mkono, kabla chipu haijazaliwa, nao hawakumhitaji Euclid awafundishe mahali pa kuweka pigo. Toussaint mwenyewe aliwataja, kwa adabu ya mwanachuoni. Lakini istilahi iliyoenea madukani ni ya Mgiriki. Mpiga kengele hakuachiwa hata herufi moja. Hapa ndipo lilipo kosa, wala halimo katika kufanana. Mafundi kumi wakigawanya mapigo kwa hesabu moja hawamdhuru mtu. Mafundi kumi wakinyamaza juu ya asili yake, wamemdhulumu aliyewatangulia, na wamemdanganya ajaye.

Kosa hilo la kunyamaza lina mtetezi wake mwenye maneno makali. Yeye husema: "Leseni yaniruhusu." Na tumsikilize, maana hoja yake si ya kitoto. Gillet aliifungua michoro ya moduli zake kwa leseni impayo kila mtu idhini ya kunakili na hata kuuza, kwa sharti aitaje asili na aache kazi yake wazi vilevile. Programu za moduli zake nyingi alizifungua kwa leseni nyepesi zaidi, itakayo tu tangazo la mwandishi lisifutwe. Tena iliombwa kwamba nakala zisiuzwe kwa jina la Mutable Instruments. Basi mafundi wengi wakaunda nakala. Wako waliopunguza upana ili moduli iingie katika sanduku dogo. Wako walioongeza vitufe kwa mambo yaliyokuwa yamefichwa. Hata kampuni kubwa ya Behringer ilitoa Brains, moduli ambayo msingi wake ni programu ya Plaits, kazi ya Gillet ya mwaka 2018. Leseni iliruhusu, na aliyeruhusiwa si mwizi. Hayo nayakubali.

Lakini kuruhusiwa si mwisho wa wajibu. Mgeni aliyekaribishwa chakula hapelekwi mahakamani asiposhukuru. Hata hivyo kijiji chote humjua ni mtu wa namna gani. Mwenye kuchukua michoro iliyo wazi, akabadili bamba na rangi, akabuni jina jipya, akauza kama kwamba wazo lilimjia usingizini, ameshika karatasi ya leseni kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amefuta jina la aliyemlisha. Na ikiwa mnakili huyo ana kiwanda kikubwa, deni lake ni zito zaidi, kwa kuwa sauti yake husikika mbali kuliko ya mwenye asili, na watu watakuja kuamini kwamba mto umeanzia mlangoni pake.

Kinyume chake yuko Matthias Puech, Mfaransa. Huyu alizichukua programu zilizofunguliwa na Gillet, akaandika zake juu ya hizo, akaziita Parasites, yaani vimelea. Jina lenyewe lilikuwa ni kukiri deni: kimelea hakisemi kwamba mti ni wake. Watu wakazitia programu hizo katika moduli zao za Clouds, na chombo kikapata kazi ambazo mwundaji wake hakuziweka. Baada ya hapo Puech, pamoja na karakana ya 4ms ya Marekani, alitokeza moduli zake mwenyewe: Tapographic Delay, kisha Ensemble Oscillator. Aliingia kwa mlango wa mwingine, akajifunza jinsi nyumba ilivyojengwa, akatoka akajenga yake. Yule mgawa mashamba angalimfukuza mlangoni siku ya kwanza, na moduli hizo mbili zisingalipata kuonekana.

Msomaji ataniuliza: "Hayo yote yanihusu nini mimi, ambaye sina moduli wala fedha ya kuinunua?" Yakuhusu kuliko unavyodhani. Tangu mwaka 2017 iko programu iitwayo VCV Rack, ambayo hupatikana bure, nayo huigiza sanduku zima la moduli ndani ya kompyuta. Katika mkusanyo wake uitwao Audible Instruments zimo moduli zilizotokana na programu za Gillet. Mwanafunzi wa Voi au Kisumu mwenye kompyuta ya shule aweza kuunganisha nyaya za kuigiza, akasikia punje zikitawanyika, akaweka mapigo 7 katika nafasi 12. Akitaka zaidi, aweza kuisoma programu yenyewe, mstari kwa mstari, ajue sauti ilivyotengenezwa. Hakulipa karo kwa somo hilo. Mlango uliachwa wazi na watu waliokuwa na haki kamili ya kuufunga.

Mutable Instruments ilikoma mwaka 2022. Michoro yake na programu zake zingali wazi, na moduli za namna ile bado zaundwa na mikono ya wengine. Lau tungaliwatii wale wanaolia kwamba kila mwingiliano ni wizi, moduli hizo zingalizikwa pamoja na karakana iliyozizaa. Lakini lau tungaliwatii wale wanaosema kwamba leseni yamaliza deni, tungalisahau zilitoka kwa nani, na fundi kijana afikiriaye kufungua michoro yake kesho angalijiuliza kama inampasa. Fundi mdogo hana ghala wala wakili. Hununua chipu kwa fedha yake kabla hajauza kitu. Akikosea hesabu, hasara ni ya chakula cha nyumbani. Alichonacho ni jina. Mwenye kumficha jina amemnyang'anya mtaji wake wa pekee, na mwenye kumwita mwizi bila uchunguzi amemnyang'anya ule ule.

Kwa hiyo kila moduli mpya inapoletwa mbele yetu, tusianze kwa kuuliza: "Je, yafanana na nyingine?" Itafanana, kwa kuwa hapana kazi ya mkono isiyo na wazazi. Tuulize kwanza, aliyeiunda amewataja waliomtangulia? Pili, ameongeza nini, japo ni kidogo: upungufu wa bei, wepesi wa kushika, swali jipya? Tatu, amemwachia nini atakayekuja nyuma yake? Mwenye majibu mema kwa maswali hayo na aunde moduli ya punje ya mia, na tumkaribishe. Asiye na majibu, hata akileta umbo ambalo halijapata kuonekana, tumwulize alikolipata.

Nawe mwanafunzi, hukumu hii itakufikia kabla hujashika moduli. Darasa zima likifanya hesabu moja, majibu yakalingana, hapana aliyeiba, maana hesabu ni ya wote. Ukikopa njia ya mwenzako na ukasema, "Njia hii nilionyeshwa na fulani, nami nimeipunguza hatua moja," umefanya kazi ya fundi. Lakini ukihamisha daftari la mwenzako katika daftari lako ukanyamaza, hapana leseni itakayokusafisha. Taja uliyejifunza kwake, kisha ongeza lako.